Sekunde Nne za Kinanda

Mwanamume akishindwa kufunga kifungo cha shati lake mwenyewe, nyumba nzima hujifanya haioni. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile ya Jumanne. Mkewe aliinua macho kutoka kwenye cherehani, akaona kidole gumba cha kulia cha mumewe kikihangaika na tundu la kifungo cha tatu, akayarudisha macho kwenye sare ya shule aliyokuwa akiishona. Binti yao aligeukia dirishani kana kwamba huko nje kulikuwa na harusi. Yeye mwenyewe alikuwa akipiga mluzi, na mluzi ule haukuwa wimbo wowote. Ulikuwa pumzi tu ya mtu anayetaka aonekane hana neno.

Kazini walimwita Kinanda kwa sababu ya vidole vyake. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa katika chumba cha mitambo cha idara ya maji, akiziamrisha pampu za mji mzima kwa kuandika maneno kwenye kompyuta, na vidole vile vilikuwa vikicheza kweli. Kisha, wiki sita zilizopita, kikombe cha chai kikamtoka mkononi. Daktari alisema ni kiharusi kidogo, ashukuru Mungu. Mguu ulirudi, mdomo ukarudi. Mkono wa kulia ulirudi hadi nusu ya njia ukaketi, na hakuna dawa wala zoezi lililoweza kuuinua tena.

Sasa idara ilikuwa imemwandikia barua. Ijumaa saa nne asubuhi angepewa amri kumi na mbili za kutoa kwa mitambo, ndani ya dakika nane, bila kumuuliza mtu. Akiweza, kiti chake kinamngoja. Asipoweza, anastaafishwa kwa sababu za afya, na barua ilimtakia kila la heri kabla hata hajajaribu.

"Dakika nane ni nyingi," alisema mkewe. Alikuwa akikata uzi kwa meno.

"Nyingi kwa nani?"

"Kwa mtu aliyetulia. Kaa basi! Umezunguka hiyo meza tangu alfajiri, utaitoboa sakafu."

Kinanda aliketi. Mguu wake wa kushoto ukaendelea kutikisika chini ya meza, na vikombe vikaendelea kugongana juu yake.

Jana yake alikuwa amejipima. Binti alishika saa ya simu, mama akasoma amri kutoka kwenye karatasi, naye akaandika herufi kwa herufi kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukimsaidia pale ulipojisikia. Dakika kumi na moja na ushee. Mama alisema tu kwamba chakula kinapoa, na kilikuwa bado jikoni kinachemka.

*

Binti yao walimwita Chiriku tangu utotoni, kwa maneno mengi. Alikuwa amesomea kompyuta miaka mitatu, na huu ulikuwa mwaka wa pili yuko nyumbani akituma maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa hata kwa tusi. Siku hizi maneno yalikuwa yamempungua. Lakini asubuhi ile, baba yake alipovaa viatu aende idarani kusaini karatasi za likizo ya ugonjwa, aliuliza ghafla:

"Baba, ile amri yenyewe inaandikwaje? Usinieleze, niandikie."

Kinanda aliandika kwa kidole kimoja kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa mezani kati ya mafungu ya vitambaa: *mtambo simamisha bondeni-magharibi-tatu*. Neno la kwanza lilikuwa jina la amri, la pili kazi unayoitaka, la tatu pampu inayohusika. Pampu zilikuwa mia moja na arobaini, na aliyezipa majina hakuwa na huruma.

"Na kazini nako yote hayo mnayaandika herufi kwa herufi?"

"Ahaa, hapana. Kuna Tab. Unaandika herufi mbili tatu, unabonyeza Tab, jina linajimalizia lenyewe. Ila inafikiri kwanza."

"Inafikiri kwa muda gani?"

"Sekunde nne. Ikiamka vibaya, tano."

Chiriku akaangua kicheko, cha kwanza kusikika ndani ya nyumba ile kwa siku nyingi. "Sekunde nne! Baba, amri moja unabonyeza Tab mara ngapi?"

"Tatu hivi. Moja ya kazi, mbili za jina."

Msichana akapiga hesabu kwa midomo. "Kwa hiyo dakika mbili na nusu nzima unakaa tu unaitazama skrini. Zinakwenda bure bilashi." Alikwisha kusimama. "Niletee kutoka huko kazini faili linaloifanya Tab ifanye kazi. Na orodha ya pampu zote. Weka kwenye flashi."

"Wewe unataka kufanya nini?"

"Nataka kukupa dakika zako."

*

Idarani, mlinzi wa getini alimpokea kwa mikono miwili kama maiti iliyofufuka. Karani alimsogezea kitabu cha mahudhurio, akautazama mkono wake, kisha akakivuta kitabu na kusaini badala yake. "Usijisumbue, baba." Kinanda alikuwa amekwisha kuishika kalamu kwa mkono wa kushoto. Akairudisha mezani taratibu, akashukuru.

Meneja alimkaribisha ofisini kwa sauti ya kupiga kelele. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na imani kwamba kiharusi kinaziba masikio. "UNAENDELEAJE, MZEE WETU? CHAI?" Chai ikaja, kikombe kikawekwa upande wa kulia, na wote wawili wakakitazama mpaka kikapoa.

Katika chumba cha mitambo alikuwepo Tumbo, mwenzake wa miaka kumi na tano, mwembamba kama ufito. Tumbo alimwachia kiti bila kuulizwa. Kinanda akaitoa orodha ya pampu zote mia moja na arobaini, akainakili kwenye flashi pamoja na lile faili, kisha kwa mazoea tu akaandika herufi tatu na kubonyeza Tab. Akangoja, na jina lilipojitokeza midomo yake ikacheza kidogo, ikilisoma.

"Bado unazisalimia pampu," Tumbo akacheka.

"Usipomsalimia mtu utajuaje kama ndiye?"

Ulikuwa utani wao wa zamani. Watu wote wa zamu waliandika, wakabonyeza Tab, wakapiga Enter, na amri ikaondoka. Kinanda peke yake alilisoma jina kwa midomo kabla ya Enter, na kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa ikijikokota, tabia ile haikumgharimu kitu. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kusimamisha pampu isiyotakiwa.

*

Alasiri hiyo Chiriku alilifungua lile faili akashika kichwa.

"Baba, njoo uone ujinga. Kila ukibonyeza Tab, hii inaiamsha amri nzima ya mtambo. Nayo ikiamka inapiga hodi kwenye pampu zote mia na arobaini, moja moja: wewe upo? Na wewe upo? Zikishajibu zote ndiyo inakuletea jina. Ni kama kumtuma mtu sokoni akaulize kama nyanya bado zinaitwa nyanya, kila unapotaka kulitamka neno."

"Aliyeiandika alikuwa fundi mzuri," Kinanda alimtetea fundi yule, ambaye sasa alikuwa marehemu.

"Alikuwa na muda mzuri."

Jaribio la kwanza lilikamilika Jumatano asubuhi. Aliyaweka majina yote kwenye faili dogo, na Tab ikawa inasoma humo badala ya kupiga hodi mjini. Sekunde nne zikawa nusu sekunde. Mama alipiga vigelegele, Chiriku akamnyamazisha. Nusu sekunde ilikuwa inamwasha kama upele. Alitembea chumbani huku na huko akijisemea, na baba naye akawa anatembea upande wa pili wa meza, mpaka mama akasema hakuolewa ili aje kuishi na walinzi wa doria.

"Nimeipata!" Chiriku akarudi kwenye kiti. "Bado ninaziita programu tatu ndogo za kunichambulia orodha. Moja itafute, moja ipange, moja ikate. Kila moja inachukua muda wake kuamka na kunawa uso. Kazi hii yote dirisha la amri linaweza kuifanya lenyewe, bila kumwamsha mtu."

Kufikia jioni alikuwa ameandika upya mistari sitini ikawa kumi na tisa. Akabonyeza Tab na jina likawa pale. Hakukuwa na kungoja. Ilikuwa kama jina lilikuwepo tangu zamani na Tab imelifunua tu. Alipima, na mashine ikamjibu kwamba imechukua sehemu kumi na moja kati ya elfu moja za sekunde. Alipima mara nane, kwa raha tu.

Kinanda alisimama nyuma yake, mkono mzima umeushika ule mgonjwa. Aliona fahari. Aliona pia woga, ila huo hakujua aupe jina gani.

"Na orodha ikibadilika?" aliuliza.

"Ibadilike vipi? Kwani mnaongeza pampu kila siku?"

"Mwaka juzi ndiyo mara ya mwisho."

"Basi. Wiki ijayo nitaiwekea kijimstari cha kujisasisha. Sasa hivi twende na muda, Baba. Ijumaa ni keshokutwa."

*

Alhamisi nzima walifanya mazoezi. Chiriku alitengeneza mtambo wa bandia ambao haukusimamisha chochote, uliandika tu *imesimama* au *imewashwa*. Mama alisoma amri huku mguu wake ukikanyaga cherehani.

"Washa bondeni mashariki moja!"

Tab, Tab, Tab, Enter.

"Simamisha kiwandani mbili!"

Tab, Tab, Enter. Kidole cha kushoto kilikuwa kimepata wazimu. Kinanda alianza kucheka peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu kile kikombe kidondoke alihisi anakimbia, na aliyekimbia alikuwa yeye yuleyule wa zamani.

"Simamisha stendi kusini!"

Tab, Tab, Enter.

"Baba," Chiriku alisema. "Umesimamisha stendi kaskazini."

Cherehani ikanyamaza. "Watu wa kaskazini wamekukosea nini?" mama aliuliza.

Kinanda aliitazama skrini. Jina lilikuwa limekuja upesi hivi kwamba kidole kilipiga Enter kabla macho hayajafika. Midomo yake haikuwa imecheza. Akagundua, na ugunduzi ule ukamtia baridi, kwamba zile sekunde nne alizozilaani kwa miaka ishirini na miwili ndizo zilizokuwa zikimtuliza kidole mpaka macho yafike.

"Unaweza kuichelewesha kidogo?" aliuliza. "Si nne. Mbili tu."

Chiriku akamtazama kama aliyeambiwa apake nguo mpya tope. "Baba! Nimehangaika siku mbili kuiondolea uzito, wewe unataka uubebe tena?"

Mama alifungua mdomo. Ilikuwa dhahiri anataka kusema kuhusu haraka na baraka, lakini akaona methali ile imeshasemwa na kila mtu aliyewahi kuchelewa kazini, akaufunga.

"Sawa," Kinanda alisema. "Nitasoma mwenyewe. Hata ikija kama radi, nitaisoma."

"Kila ukisoma unapoteza sekunde mbili."

"Nipoteze. Ni zangu."

Walirudia. Kila jina lilipotokea alikiinua kidole juu ya Enter, akakishikilia hapo kama anayezuia mlango na upepo, akasoma kwa midomo, kisha akakishusha. Dakika sita na sekunde thelathini. Walirudia mara tatu zaidi, hakukosea tena. Lakini usiku hakulala vizuri, na mkewe, aliyekuwa akipigwa mateke ya mguu usiotulia, naye hakulala.

*

Ijumaa mkewe alimfunga vifungo vyote bila kuulizwa, na yeye hakupiga mluzi.

Idara haikuwa na mtambo wa mazoezi. Amri kumi na mbili zilikuwa za kweli, za kazi za asubuhi hiyo, na maji yaliyokuwa mabombani yalikuwa ya watu. Chumba kilijaa. Alikuwepo Tumbo, karani, watu wawili wa utumishi wasiojulikana wamefuata nini, na meneja aliyeshika saa ya kupimia mbio. Meneja alitoka idara ya manunuzi; kompyuta aliijua kwa kuiwasha. Kinanda aliingiza flashi, akaliweka faili la binti yake kwenye akaunti yake, kama ambavyo kila mtu wa zamu alikuwa na vijifaili vyake mwenyewe.

"UKO TAYARI, MZEE?"

"Nasikia vizuri, bwana meneja. Niko tayari."

Tumbo alisoma ya kwanza. Tab, Tab, Tab. Kidole kikaning'inia, midomo ikacheza, Enter. Ya pili. Ya tatu. Nyuma yake alisikia minong'ono, kisha minong'ono ikakatika. Kufikia ya saba watu wa utumishi walikuwa wamesogea karibu mpaka alihisi pumzi zao shingoni. Ya kumi na moja ilimalizika, na kwenye kona ya skrini aliona dakika tano na sekunde hamsini na nane.

"Ya mwisho," Tumbo alisema. "Simamisha mlima pili. Fundi yuko pale anangoja kwenye simu aifungue."

Kinanda aliandika herufi tatu. Tab. Jina likatokea lote, na nafasi mbele yake kuonyesha kwamba limekamilika, hakuna lingine linalofanana nalo. Kidole kikapanda juu ya Enter. Midomo ikacheza.

*Mlima-kwanza.*

Kidole hakikushuka.

Mlima-kwanza alimjua kama ndugu yake. Ndiyo pampu iliyopeleka maji hospitalini. Mlima-pili hakumjua kabisa. Katika miaka yake yote hakukuwa na mlima-pili, na kwenye orodha aliyompa Chiriku Jumanne hakukuwa naye. Ama karatasi ya Tumbo ilikuwa na makosa, ama kuna pampu mpya iliyofungwa mitamboni katika siku hizi tatu. Tab ile ya kizamani, ingawa ilijivuta, ingepiga hodi kila mahali na ingerudi na majina mawili. Hii ilimjua mmoja, na ikamtaja kwa uhakika wote.

Mtu mwingine angeuliza. Lakini kuuliza kulikuwa kumekatazwa kwenye barua. Akafuta alichoandika, akaitaka mashine imletee orodha nzima upya, na mashine ikaenda zake mjini kupiga hodi. Sekunde nne zilipita, ya tano, ya sita. Meneja alikohoa. Majina yakamwagika skrini nzima, naye akayapitia kwa kidole, jina kwa jina, jasho likimtoka kwapani, hadi karibu na mwisho. *Mlima-pili.* Ipo, na kando yake tarehe ya kufungwa: Jumatano.

Akaanza kuandika herufi kwa herufi. Mkono wa kulia uliruka ukagonga kitufe kisichohusika. Akafuta ulichokosea, akaushika na kuuweka pajani kama mtoto msumbufu. *M-l-i-m-a.* Alipofika mwisho alisoma tena kwa midomo. Enter.

*Imesimama*, mashine ilijibu. Kwenye simu ya Tumbo sauti ya fundi ikasema asante, imetulia.

"Dakika saba na sekunde hamsini na mbili!" meneja alipaza sauti. Karani alipiga makofi. Kinanda hakuinuka, akajifanya anatafuta flashi.

*

Meneja aliwatoa wengine nje, akabaki naye na Tumbo. Aliivuta meza akaikalia ukingoni, na kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya kawaida.

"Kile kitu kinachoyaleta majina upesi. Umekitoa wapi?"

"Binti yangu ameandika." Alishindwa kuzuia tabasamu. "Siku mbili tu."

"Ana kazi?"

"Hana."

Meneja alitikisa kichwa polepole. "Sitakuzunguka, mzee wangu. Umepita, na kiti ni chako, barua ndivyo inavyosema. Lakini ninatafuta mtu wa kuviandika vitu kama hivi kwa mashine zote za idara, na bodi haitanipa viti viwili. Imenipa kimoja, hiki hiki." Aliigeuza saa yake mkononi. "Sasa nisaidie kitu kimoja, mimi si mtaalamu. Amri kumi na moja umezitoa kama maji. Ya mwisho peke yake imekula karibu dakika mbili. Kilichokwama ni nini? Kama ni hicho kitu cha binti yako, basi hakifai, tukisahau, na wewe rudi kwenye kiti chako Jumatatu kama zamani. Kama ni mkono..."

Hakumaliza. Alikuwa na aibu ya kutosha kutomaliza.

Tumbo alikuwa akiitazama skrini, ambako ile orodha ndefu ilikuwa bado imeachwa wazi na jina la mlima-pili likionekana chini. Alikuwa ameelewa kila kitu. Akamtazama rafiki yake, akafumbua mdomo kidogo. Kinanda akamkazia macho mpaka mdomo ule ukafungwa.

Kitu kingine kilimpita moyoni, na tusimpake sukari: alitaka kusema. Sentensi nzima ilikuwa tayari ulimini, nayo ilikuwa ya kweli. Orodha yake ilikuwa ya zamani, bwana. Maneno sita, na Jumatatu angekuwa amekaa hapa akizisalimia pampu zake. Akamkumbuka msichana akipima mara nane kwa raha tu.

"Ni mkono," alisema. "Mkono umenikataa mwishoni. Kitu cha binti hakina neno."

Kisha akaomba dakika moja. Akalifuta faili lile kutoka kwenye mashine, akaitoa flashi, akaitia mfukoni. "Ataleta mwenyewe lililo safi," alimwambia meneja. "Hili lilikuwa la mazoezi."

*

"Umepita?" Chiriku alimdaka mlangoni.

"Nimepita."

Mama aliachia kigelegele kilichowatoa majirani. Kinanda akaacha kiishe, na kingine kianze na kuisha, ndipo akawaambia lililobaki: kwamba Jumatatu anayetakiwa idarani ni Chiriku, kwamba yeye atapumzika, umri nao umefika. Aliyasema akitabasamu, kwa mpangilio, kama mtu aliyeyapanga njia nzima. Mama aliketi. Chiriku alikataa papo hapo, kwa machozi na kwa maneno mengi, yale yote aliyokuwa ameyakosa miaka miwili. Hawezi kukalia kiti cha baba yake. Kwani amepita au hakupita? Ataenda kumwambia huyo meneja ana kwa ana.

"Keti kwenye kompyuta," baba yake alisema. "Tafuta mlima-pili."

"Mlima-pili hakuna. Ipo mlima-kwanza peke yake."

"Ni mpya. Imefungwa Jumatano."

Ilimchukua Chiriku muda mfupi sana kuelewa. Akili yake ilikuwa nyepesi kuliko hata Tab yake. Mkono ukamwenda mdomoni. "Ilikumalizia kwanza. Ulipoandika mli ikakumalizia kwanza, na... Baba, ulipiga Enter?"

"Nilisoma."

"Mlima-kwanza ni ya wapi?"

"Hospitali."

Chiriku aliinamisha uso mezani katikati ya vitambaa vya sare. Alipouinua tena, macho yalikuwa mekundu. "Nilisema wiki ijayo. Uliniuliza nikasema wiki ijayo. Waligundua?"

"Waliona nimechelewa. Wakaniuliza ni nini."

"Ukawaambia nini?"

Kinanda aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaunyanyua, akauweka mezani karibu na kibodi.

"Nikawaambia ni huyu."

Mama aligeukia cherehani yake lakini hakuikanyaga, akabaki ameushika uzi tu. Kinanda alivuta kigoda akakaa nyuma ya bega la binti yake, pale ambapo siku zote tatu alikuwa amesimama. Mguu wake ulikuwa bado unatikisika. Hakujua Jumatatu asubuhi ataamka aende wapi.

"Haya. Hicho kijimstari cha kujisasisha," alisema. "Leo, si wiki ijayo."

Chiriku alijifuta uso kwa kiganja, akaandika. Ilimchukua nusu saa. Alipomaliza aliongeza jina jipya kwenye mtambo wa bandia, akaandika herufi tatu, akabonyeza Tab. Majina yakatokea mawili, upesi uleule. Akaongeza herufi moja, Tab tena, jina likakamilika, na kidole chake cha kulia kikaanza kushukia Enter.

Kikasimama hewani.

"Kwa sauti," baba yake alisema. "Nikusikie."

"Mlima-pili," Chiriku akasoma.

"Ndiye?"

"Ndiye, Baba."

"Haya, bonyeza."